Nimelipa milioni 52, deni limeshuka milioni 6 tu: je, nikaze mkanda nimalize nyumba mapema?

"Mshauri, salaam. Nina miaka 43 na nalea watoto wawili peke yangu, mmoja ana miaka 14, mwingine 8. Miaka mitatu iliyopita nilikopa benki shilingi za Uganda milioni 100 nikanunua nyumba Kira, nje ya Kampala, kwa riba ya 16% kwa mwaka, muda wa miaka 15. Kila mwezi nakatwa 1,468,700. Mshahara unaonifikia mkononi ni 3,150,000. Karo ya watoto wote wawili ni 1,700,000 kwa muhula. Mwezi jana niliomba taarifa ya mkopo wangu nikakuta bado nadaiwa milioni 93.8, wakati nimeshalipa karibu milioni 53! Nilitoka benki nikilia. Mwenzangu kazini anasema nisihangaike kulipa haraka, maana benki ilishapiga hesabu ya riba yote tangu siku ya kwanza na nitailipa hata nikimaliza kesho. Mimi sitaki deni hili linifikishe miaka 55. Nimeamua nimalize kwa miaka mitano: nimtoe mkubwa bweni, tule posho (ugali) na maharage, niache kuweka ile akiba ya laki mbili kwa mwezi (nina milioni mbili na nusu tu), nisitishe bima ya matibabu ya watoto, na nikifika 45 nichukue sehemu ya pesa zangu za NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kama milioni 18, niziingize zote kwenye mkopo. Nimechangia NSSF miaka 16. Baba yao yupo mjini na ana kazi, lakini hatoi kitu. Niko sawa, au najidanganya?"

Dada yangu, pole kwa ile siku ya machozi. Nilikaa upande wa pili wa meza hiyo miaka mingi, nikiwa afisa mikopo, na nimewaona watu wazima wakishika ile karatasi mikono ikitetemeka. Nianze na lililokuumiza zaidi: hujaibiwa. Nimepiga hesabu ya mkopo wako upya na namba za benki ni sahihi. Ila hakuna aliyekaa nawe akakuonyesha jinsi mkopo wa namna hii unavyotembea, na hilo ni kosa la waliokupa kalamu usaini.

Riba ya mkopo wa nyumba hupigwa kila mwezi juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza ulidaiwa milioni 100. Asilimia 16 kwa mwaka ukiigawa kwa miezi 12 inatoa riba ya 1,333,333 kwa mwezi huo mmoja. Wewe ulilipa 1,468,700. Riba ilipochukua chake, zilibaki 135,000 na kidogo, na hizo peke yake ndizo zilizokwenda kupunguza deni lenyewe. Mwezi wa pili deni lilikuwa dogo kwa hizo 135,000, riba ikapungua kwa shilingi 1,800 hivi, na deni likapata 1,800 zaidi ya mwezi uliotangulia. Ndivyo inavyokwenda, polepole kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni, kisha kasi inaongezeka kadiri gunia linavyopungua. Kwa miaka mitatu umelipa 52,873,200. Kati ya hizo, karibu milioni 46.7 zilikuwa riba na milioni 6.2 zimepunguza deni. Inauma, najua. Lakini hapo hapo ndipo ufunguo wako ulipo.

Mwenzako wa kazini hakukudanganya kwa makusudi. Kuna mikopo ya aina anayoisema, hasa ile ya wakopeshaji wadogo: riba yote hupigwa juu ya kiasi cha mwanzo na kugawanywa kwa miezi, na ukilipa mapema hupati nafuu, au unapata kidogo sana. Mkopo wako si wa aina hiyo. Ungekuwa hivyo, riba ya mwezi huu ingekuwa sawa na ya mwezi wa kwanza. Chukua taarifa yako uangalie upande wa riba: mwezi wa kwanza 1,333,333, mwezi wa 37 kama 1,250,600. Imeshuka. Riba ambayo mwezi wake haujafika hudaiwi bado, na deni likiisha kabla ya mwezi huo, haitakuwepo kabisa.

Sasa angalia ratiba yako ya marejesho, ile karatasi ndefu yenye safu 180. Safu ya mwezi wa 38 inasema utalipa 1,468,700, na ndani yake deni la msingi ni kama 221,000 tu. Zilizobaki ni riba. Ukilipa rejesho lako la mwezi wa 37 kama kawaida, kisha siku hiyo hiyo ukaongeza 221,000 zikaingia kwenye deni la msingi, umeiruka safu ya 38 nzima. Mwezi unaofuata utaanzia safu ya 39. Kwa 221,000 umefuta rejesho la 1,468,700 kule mwishoni. Sasa tazama safu ya 121, baada ya miaka kumi: deni la msingi ndani yake ni zaidi ya 663,000. Kuruka safu moja wakati huo kutakugharimu mara tatu ya leo. Ndiyo maana nawaambia watu wasingoje hadi "mambo yatakapokaa sawa" ndipo waanze kuongeza.

Kwa hiyo nia yako ya kulipa mapema ni njema, tena ina faida kubwa. Mpango wa miaka mitano ndio sikubaliani nao, na nitakwambia kwa nini.

Ili deni la milioni 93.8 liishe kwa miezi 60, unapaswa kulipa 2,281,000 kila mwezi. Kwenye mshahara wako zitabaki 869,000. Toa karo, ambayo ukiigawa kwa miezi 12 ni 425,000, unabaki na 444,000 za chakula, nauli, umeme, maji, sabuni, dawa, nguo na msiba wa jirani. Ni shilingi 14,800 kwa siku kwa watu watatu, kwa miaka mitano mfululizo, bila mtoto kuugua wala bati kuvuja. Mama anayejitesa hivyo hufika mwezi wa nane akakopa kwenye simu ili anunue mafuta ya kupikia, na mkopo wa simu una riba inayofanya hii ya nyumba ionekane sadaka.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kuwa mbele kwenye deni hakukupi ruhusa ya kukosa rejesho la mwezi ujao. Nilikuwa na mteja, fundi umeme, baba aliyebaki na watoto watatu. Kila shilingi aliyopata aliitupia mkopo, akawa mbele ya ratiba karibu miaka miwili, na sote ofisini tulimsifu. Kisha akaanguka na boda akavunjika mguu. Miezi minne hakufanya kazi, na hakuwa na akiba hata ya mwezi mmoja kwa sababu zote zilikuwa ndani ya nyumba. Alidhani yale aliyolipa mapema yatamfunika. Mfumo wa benki hauhesabu hivyo: ulipunguza deni, ahsante, lakini rejesho la tarehe 28 liko pale pale. Akaingia kwenye orodha ya wasiolipa huku akiwa amelipa kuliko wenzake wote. Tulimpangia upya mkopo, nyumba ikapona, ila alizeeka katika miezi ile minne. Pesa ikishaingia kwenye deni la nyumba haitoki tena kirahisi, na kwa nyumba yenye mishahara miwili hilo linavumilika. Kwako wewe, mshahara ukisimama hakuna wa pili.

Kwa hiyo akiba ya laki mbili usiiguse. Milioni mbili na nusu ulizonazo hazitoshi hata marejesho mawili. Ningependa ufikishe milioni 5 kwanza, kisha ujivute pole pole hadi milioni 8, ambazo ni karibu miezi mitatu ya marejesho, karo na chakula vikijumlishwa. Ziweke mahali zinapopatikana ndani ya siku chache lakini si kwenye simu unayoshika kutwa: akaunti ya pembeni, SACCO ya kazini inayoruhusu kutoa bila masharti marefu, au mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaosimamiwa na kampuni yenye leseni. Pesa ya mobile money hukatwa kodi ya 0.5% kila unapoitoa, juu ya ada ya wakala, tena inashawishi.

Bima ya matibabu ya watoto pia iache mahali ilipo. Malaria kali moja yenye kulazwa inaweza kula mwaka mzima wa hicho unachodhani utaokoa.

Tuje kwa bweni. Hukuandika tofauti ya karo, ila tuseme bweni ni 1,100,000 na kutwa ni 650,000. Unaokoa 450,000 kwa muhula, sawa na 112,500 kwa mwezi. Lakini mtoto wa miaka 14 akirudi nyumbani anakula nyumbani na anapanda taxi kwenda na kurudi. Ukitoa hayo, huenda ukabaki na elfu hamsini, na labda pungufu. Kwa mama anayetoka kazini Kampala na kufika Kira usiku, swali la nani yuko na huyo kijana kuanzia saa kumi jioni lina uzito kuliko elfu hamsini. Ikiwa mtoto mwenyewe hana raha bweni, hilo ni jambo jingine. Kwa sababu ya mkopo peke yake, mimi nisingemtoa kabla ya mtihani wa kidato cha nne (S4).

Posho na maharage si adhabu. Nimekulia humo na wengi wetu pia. Usipunguze tu vinavyomjenga mtoto. Mukene (dagaa), njugu, na mboga za majani kama dodo na nakati ni bei ndogo na vinatosha kuifanya sahani ya posho iwe chakula kamili. Anayetaka kuokoa kwenye chakula abadilishe namna ya kununua kabla ya kubadilisha anachokula. Unga na maharage wa rejareja dukani Kira, kilo moja kila jioni, ni ghali kuliko gunia mnalogawana kina mama watatu baada ya safari moja ya Kisenyi, Kampala, kwenye mashine za unga. Matoke ya soko la Kalerwe asubuhi si bei ya matoke ya kando ya barabara saa mbili usiku ukiwa umechoka. Uchovu ndio unaokula pesa za mzazi aliye peke yake, kwa hiyo pika maharage ya siku nne Jumapili na ujikomboe.

Hapo kwenye kupika kuna jambo linalowashangaza wengi. Bei ya umeme wa Yaka (ule wa kulipia kabla) kwa nyumba za kawaida ina ngazi: yuniti 15 za kwanza za mwezi ni rahisi, kuanzia 16 hadi 80 ni ghali, kisha kuanzia 81 hadi 150 bei inashuka tena, makusudi, ili watu waache mkaa. Anayejinyima umeme na kupikia mkaa analipa yuniti za bei ya juu kwa taa na pasi, kisha analipa gunia la mkaa pembeni. Sufuria ya umeme ya presha inaivisha maharage kwa yuniti isiyofika moja. Piga hesabu ya gunia lako la mkaa uone. Katika nyumba nyingi nilizozipigia hesabu, sufuria ilijilipa yenyewe kabla ya mwaka.

Ukiunganisha chakula, mkaa na zile boda za kutoka steji hadi mlangoni, huenda ukapata elfu 80 hadi laki moja na ushee kwa mwezi. Laki moja tu, ikiongezwa kwenye rejesho lako kila mwezi kuanzia sasa, inaondoa karibu miaka miwili ya deni na kukuokolea takriban milioni 22. Huhitaji kuwanyima watoto kitu ili uifikie.

Kubana matumizi kuna sakafu, ukiifikia huwezi kushuka tena. Mapato hayana sakafu hiyo, na wewe umekalia nyumba. Je, kuna chumba cha uani, au boma lina nafasi ya mlango wake wa pembeni? Chumba kimoja Kira cha 200,000 kwa mwezi kinaleta 2,400,000 kwa mwaka. Kodi ya pango kwa mtu binafsi ni 12% ya kile kinachozidi 2,820,000 kwa mwaka, kwa hiyo kwa kiasi hicho hudaiwi kodi. Lakini soma mkataba wako wa rehani kabla ya kumwingiza mpangaji, maana mara nyingi benki hutaka ridhaa yake ya maandishi ukipangisha au ukijenga. Na kwa sababu una watoto, chagua mpangaji kwa macho mawili na masikio mawili, umpeleke kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa) aandikishwe kabla hajaleta godoro. Kama moyo wako hautaki mgeni ndani ya boma, liache wazo hili. Ni nyumba yenu.

Hiyo laki mbili ya chumba ikienda yote kwenye deni la msingi kila mwezi, huku ile laki mbili yako ikiendelea kwenda kwenye akiba, mkopo utaisha kwa miezi 105 badala ya 144. Ni miaka mitatu na miezi mitatu imekatwa, na karibu milioni 37 hazitalipwa. Siku akiba ikifika milioni 8, hamisha 150,000 kutoka kule uziongeze hapa. Mtu anayeongeza 350,000 juu ya deni kama lako tangu mwanzo angemaliza kwa miezi 88.

Sasa NSSF. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, mwanachama aliyefika miaka 45 na kuchangia angalau miaka 10 anaweza kuchukua hadi 20% ya akiba yake. Kwa hesabu zako utastahili. Kwa namba tupu, kuziingiza kwenye mkopo kuna faida: mkopo unakula 16%, na NSSF iliwapa wanachama riba ya 10% mwaka wa fedha 2022/23, 11.5% mwaka 2023/24 na 13.5% mwaka 2024/25. Ukiongeza laki mbili kila mwezi kuanzia sasa, na baada ya miaka miwili ukaingiza milioni 18, deni litaisha miezi 78 kuanzia leo. Miaka sita na nusu. Ulitaka mitano, na hii imekaribia bila mtu kulala njaa.

Ila tazama pengo lile lilivyopungua: kati ya 16 na 13.5 hakuna muujiza. Faida yake itakuja tu ikiwa, mwezi baada ya deni kuisha, ile 1,468,700 iliyokuwa ikikatwa itaendelea kukatwa, safari hii kwenda kwenye akiba yako ya uzeeni. Ukijijua kwamba itayeyuka kwenye karo ya chuo na harusi za ndugu, ziache milioni 18 zako NSSF, kwa sababu pale angalau hakuna anayeweza kukuomba. Na kwa hali yoyote usizichukue kabla akiba ya dharura haijafika milioni 8. Mimi ningekuwa wewe, na akiba ikiwa imekaa, ningeziingiza. Nimeona wengi wakichukua hizo 20% wakanunua gari.

Kabla ya kuongeza shilingi yoyote, nenda benki na maswali haya. Je, mkataba una faini ya kulipa mapema, na ni asilimia ngapi, kwa kiasi gani? Mikataba mingine haina, mingine inatoza tu ukimaliza mkopo wote kwa mkupuo, mingine inataka notisi. Je, kuna kiwango cha chini cha malipo ya ziada? Kama benki yako haipokei chini ya milioni moja, basi kusanya pembeni na uingize kila baada ya miezi mitano. Mwongozo wa Benki Kuu ya Uganda wa mwaka 2011 wa kuwalinda wateja wa huduma za fedha unaitaka benki ikueleze ada na masharti kwa lugha unayoielewa, kwa hiyo usione haya kuuliza mara tatu.

Kisha andika barua, sentensi mbili zinatosha: "Naomba malipo haya ya ziada yapunguze deni la msingi la mkopo wangu tarehe ya kupokelewa. Naomba rejesho la kila mwezi libaki lile lile na muda wa mkopo upungue." Gonga muhuri nakala yako. Bila barua hiyo, pesa yako inaweza kufanywa mojawapo ya mambo mawili usiyoyataka: ikae kwenye akaunti ikisubiri kulipa rejesho la mwezi ujao, ambapo haipunguzi riba yoyote, au deni lishushwe lakini muda ubaki miaka 12 na rejesho lishuke kidogo. Nimeona wateja waliojibana mwaka mzima, na pesa zao zikawa zimelala tu kwenye akaunti ya mkopo kwa jina la "malipo ya mbele". Baada ya malipo ya kwanza omba taarifa mpya ukague mwenyewe kwamba salio limeshuka kwa kiasi kile kile.

Ukiwa hapo hapo, uliza kuhusu riba yako. Mikopo mingi ya nyumba hapa kwetu riba yake hupanda na kushuka. Mwaka 2011 Benki Kuu ilipopandisha kiwango chake hadi 23%, waliokuwa na mikopo ya nyumba waliona marejesho yao yakipanda mbele ya macho, na hii ni sababu nyingine ya kushikilia akiba. Mteja aliyelipa miaka mitatu bila kukosa ana haki ya kukaa na meneja na kusema: nimelipa vizuri, nipunguzieni. Hata asilimia moja ni karibu shilingi 900,000 kwa mwaka wa kwanza kwa deni lako. Benki nyingine ikikuita uhamie kwake, weka mezani gharama zote za kuhama: kuthamini nyumba upya, wakili, na faini ya kuondoka kama ipo. Pungufu ya asilimia mbili za tofauti, sioni kama safari hiyo inalipa.

Nimeacha la baba yao kwa sababu uliliandika kwa sentensi moja, kama mtu aliyeshakata tamaa. Usikate. Sheria ya Watoto ya Uganda inaweka jukumu la kutunza mtoto kwa wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Unaweza kuanza kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya au manispaa, ambaye huwaita wote wawili na kutafuta makubaliano ya maandishi. Ikishindikana, Mahakama ya Familia na Watoto inaweza kutoa amri ya matunzo. FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake, huwasaidia bila malipo kina mama wasio na uwezo wa kumlipa wakili na hutoa ushauri wa kisheria. Kama wewe unaona aibu ya kudai, wadai watoto kupitia wewe. Akilipa nusu ya karo tu, ni zaidi ya 212,000 kwa mwezi, ambazo ni sawa na kile chumba cha kupangisha, bila mgeni ndani ya boma.

Na kwa kuwa ni wewe peke yako, tafuta hati ya bima iliyofungamana na mkopo wako. Karibu kila mkopo wa nyumba una bima inayolipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, na wewe ndiye unayeilipia. Isome: inafunika nini, inakataa nini, hadi umri gani. Andika wosia pia, umtaje mtu atakayewalea watoto na nani atashughulikia nyumba. Ni siku moja kwa wakili.

Ikitokea siku umeona rejesho halitatimia, usisubiri tarehe ipite. Nenda benki wiki mbili kabla, na barua ya daktari au ya kazini, uombe mkopo upangwe upya. Chini ya Sheria ya Rehani ya mwaka 2009, benki lazima ikupe notisi ya maandishi na siku 45 za kazi za kurekebisha, kisha notisi ya kuuza ya siku 21 za kazi kabla haijauza. Siku hizo ni nyingi kwa anayezitumia na chache sana kwa anayezificha kabatini. Notisi ya kwanza ikifika, hapo hutakiwi tena kusoma ushauri wangu; mpelekee wakili karatasi hiyo wiki hiyo hiyo, kwa sababu ukichelewa hadi kufika mahakamani kuzuia mnada, mahakama inaweza kukutaka uweke 30% ya thamani ya mauzo ya haraka ya nyumba au ya deni lililobaki.

Jambo la mwisho ni la siku ya furaha. Utakapolipa rejesho la mwisho, haitoshi kyapa (hati ya ardhi) kutolewa tu kwenye kabati la benki. Dai hati ya kuondoa rehani iliyosainiwa, uipeleke pamoja na kyapa kwenye ofisi ya ardhi ya kanda ya Wakiso, rehani ifutwe kwenye daftari. Kuna watu waliomaliza kulipa miaka kumi iliyopita na jina la benki bado limekaa juu ya ardhi yao; wanagundua siku wanapotaka kuwagawia watoto. Kabla hujaondoka pale dirishani, omba utafutaji wa daftari usome mwenyewe kwamba lililobaki ni jina lako tu.